Mwalimu, pesa ya lenzi iende darasani, si uwanjani

SWALI: Mimi ni mwalimu wa PP2, darasa la chekechea, hapa Kisumu. Shule imenikabidhi kamera, Canon 700D na lenzi yake ya 18-55, niwapige watoto picha za kuwatumia wazazi na za kubandika ukutani. Watoto hawatulii hata dakika. Darasani picha karibu zote zinatoka na ukungu, uwanjani nusu ni nzuri na nusu ni za kutupa. Muuzaji mmoja amenishauri ninunue 75-300 kwa sababu inavuta mbali. Mwalimu mwenzangu anasema 50. Pesa niliyopewa ni ya lenzi moja tu. Nichukue ipi?

JIBU: Mwalimu, ukitaka jibu la haraka, mwenzako yuko sahihi: chukua 50mm f/1.8, ile iliyoandikwa STM. Namba ya mm ikiwa kubwa lenzi inavuta mbali zaidi, f ni ukubwa wa tundu linaloingiza mwanga, na STM ni aina ya mota ya fokasi. Lakini usitoe pesa leo. Kuna kazi ndogo ya kufanya kwanza, na haina gharama.

Rudi kwenye zile picha mbovu. Natumai hujazifuta. Fungua moja kwenye kompyuta, uikuze, kisha utafute ni kitu gani kilichotoka vizuri ndani yake. Ukiona dawati liko wazi, uso wa mtoto uko wazi, ila mikono inayopiga makofi imefutikafutika, tatizo ni kasi ya shata, lile pazia linalofunguka na kufunga mbele ya sensa. Ukiona kila kitu kimevutika upande mmoja, kuanzia ubao hadi sakafu, ni mkono wako uliotikisika. Na ukiona chati ya irabu kwenye ukuta wa nyuma inasomeka herufi kwa herufi huku mtoto aliye mbele yako hana hata kope, kamera ilishika fokasi pasipofaa. Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na lenzi mpya inatibu moja na nusu.

Ugonjwa wa kwanza ndio unaowasumbua wengi wanaopiga watoto. Tuseme mtoto anakimbia mita 3 kwa sekunde, mwendo ambao wa PP2 anaufikia bila jasho. Shata ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde, katika muda huo mtoto amesogea sentimita 5. Uso wote umehama. Kwa 1/500 amesogea milimita 6, na kwa 1/1000 milimita 3. Kwa hiyo 1/500 ndipo mahali pa kuanzia kwa mtoto anayekimbia, na 1/1000 kwa mchezo wa tapo au kati, ambako wanageuka ghafla na kurusha mikono. Herufi IS zilizo kwenye lenzi yako ya sasa hazisaidii hapa. Kazi ya IS ni kutuliza mtetemo wa mkono wako wewe. Mtoto haimhusu.

Sasa tuanze na uwanja, kwa sababu huko naweza kukuokolea pesa. Huko nje huna tatizo la lenzi. Chini ya kivuli cha mwembe mchana, hiyohiyo 18-55 ikiwa imevutwa hadi mwisho, kwenye f/5.6, inakupa 1/500 kwa ISO 400 bila taabu (ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyohisi mwanga). Juani mwanga ni mwingi zaidi. Kinachokuangusha ni kile kitufe cha mduara juu ya kamera kuwekwa kwenye otomatiki. Kamera ikiwa huko haijui kama inatazama mtoto au chungu cha maua, inajichagulia 1/125 na kuona imefanya kazi nzuri. Zungusha kitufe hadi Tv, ambako wewe ndiye unayechagua kasi ya shata, weka 1/1000, acha ISO ijipange yenyewe huku ukiwa umeiwekea kikomo cha 3200 kwenye menyu. Kisha ondoa fokasi kwenye One Shot uiweke AI Servo, ili kamera iendelee kumfuata mtoto muda wote kidole chako kikiwa kimebonyeza nusu. Weka na upigaji wa mfululizo. 700D inatoa picha 5 kwa sekunde, zinatosha.

Jambo jingine la huko nje, tumia kitundu cha kutazamia, si skrini ya nyuma. Nawaona wengi wanashika kamera kama simu, mikono imenyooka mbele. Kwenye 700D, fokasi kupitia skrini inajikokota, na mtoto anaondoka kabla haijatulia. Ukiweka jicho kwenye kitundu, inafanya kazi mfumo mwingine kabisa wa nukta 9, na ile ya katikati ndiyo kali kuliko zote. Chagua hiyo ya katikati peke yake. Ukiziacha zote tisa zijichagulie, zinaweza kuvutiwa na kitu kilicho karibu zaidi, na kwa watoto kitu kilicho karibu zaidi mara nyingi ni mkono wa mtoto mwingine uliotokeza mbele ya lenzi.

Usimfukuze mtoto na kamera. Mwache aje. Wakati wa mbio, piga goti mita chache nyuma ya mstari wa kumalizia, shika fokasi kwa yule anayeongoza akiwa bado mbali, na uanze mfululizo akikaribia. Wakiruka bladda, tazama kwanza bila kupiga: anajikunja, anapaa, na kule juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka, mwili unasimama kidogo. Nywele na sketi zimeinuka, miguu yote iko hewani, na hakuna kinachokwenda kasi. Bonyeza hapo, na hata 1/250 itakupa picha kali. Bembea ni vivyo hivyo, mwisho wa kila upande inasita kabla ya kurudi. Wapigapicha wa michezo wanaishi kwa misito hiyo, na wewe unayewajua watoto wako kwa majina utaijua mapema kuliko mgeni yeyote mwenye lenzi ya bei kubwa.

Na jua la Kisumu, kama unavyojua, saa sita liko utosini. Macho ya mtoto yanaingia kivulini chini ya paji la uso, na hakuna lenzi inayoyatoa. Mapumziko ya saa nne ni afadhali. Saa kumi jioni ni bora zaidi, kama bado hawajachukuliwa. Ikibidi kuwa saa sita, wahamishie barazani au chini ya mti. Nyuma ya watoto kukiwa na ukuta mweupe au anga jeupe, kamera inadanganyika, inadhani mwanga umezidi, na nyuso zetu nyeusi zinatoka nyeusi tii zisizo na sura. Ongeza fidia ya mwanga hadi +2/3, wakati mwingine +1. Acha anga liungue. Mzazi hakulipa karo ya anga.

Hiyo 75-300 basi. Sina ugomvi na muuzaji, ana mali ya kuuza. Kwa watoto wa PP2, hata hivyo, ni lenzi isiyokufaa karibu kila upande. Haina IS. Mota yake ya fokasi ni ya zamani na ya polepole, na polepole ndilo jambo tunalolikimbia. Haishiki fokasi chini ya mita 1.5. Ikivutwa hadi 300 tundu lake ni f/5.6, yaani haikupi mwanga wowote zaidi ya ulio nao sasa, na darasani haina kazi kabisa. Halafu jiulize unataka kuvuta nini mbali hivyo. Mamba kule ng'ambo ya maji, sawa. Lakini mtoto wa miaka mitano unaweza kumwita naye akaja mbio, na hapo ndipo penye picha. Ikitokea siku shule inataka picha za mashindano ya madarasa ya juu, kutoka ukingoni mwa uwanja mkubwa, uliza 55-250 IS STM. Hiyo ina mota ya kisasa, na IS yake husaidia ukiishikilia kwa urefu wote.

Darasani ndiko pesa yako inakotakiwa. Madarasa yetu mengi yana madirisha upande mmoja au miwili, paa la mabati, na kona ambazo hata mchana mwanga wake ni wa kubahatisha. Macho yako yanazoea kwa hiyo hulioni hilo giza. Kamera inaliona. Chukua darasa la namna hiyo, lenzi yako ikiwa kwenye 55 na f/5.6, ISO 1600: mara nyingi utapata karibu 1/60. Tumeshaona mtoto anasogea kiasi gani kwa 1/60. Sasa weka 50mm yenye f/1.8. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Tundu la f/1.8 linapitisha mwanga karibu mara kumi ya lile la f/5.6, kwa hiyo 1/60 inageuka kuwa karibu 1/600. Mwanga uleule, dirisha lilelile, ISO ileile. Ndiyo sababu kuu ya kununua lenzi hii, na kwa watoto inatosha.

Lakini tundu kubwa lina deni lake. Ukiwa mita 2 kutoka kwa mtoto na tundu limefunguliwa hadi f/1.8, eneo lililo kali kutoka mbele hadi nyuma ni kama sentimita 11 tu. Pua na masikio vinaingia kwa shida. Mtoto akiinama mbele kidogo kuchora, ameshatoka nje ya ukali. Anayekukimbilia kwa mita 3 kwa sekunde anazimaliza hizo sentimita 11 kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo usifungue hadi mwisho kwa sababu tu inawezekana. Darasani weka kamera kwenye M, ambako unajipangia shata na tundu mwenyewe, shata 1/500, f/2.2, ISO ijipange. Kwa mwanga wa darasa lile nililolitaja, ISO itakaa karibu 2000, ambayo 700D inaimudu. Chenga kidogo, vile vidoa kama mchanga, zitaonekana ukikuza, na kwenye simu ya mzazi hakuna atakayeziona. Wakiwa wamekaa wanapaka rangi au wanapiga makofi ya wimbo taratibu, shuka hadi 1/250 na ufunge tundu hadi f/2.8. Sasa una kama sentimita 17 za ukali, na watoto wawili walioinamia karatasi moja wanaweza kutoka wote wawili.

Kuna watu wanaoogopa chenga kuliko wanavyoogopa picha iliyofutika. Mimi siwaelewi. Picha yenye chenga bado ina mtoto ndani yake.

Deni la pili la 50 ni upana, na hili mwenzako huenda hakukuambia. Sensa ya 700D ni ndogo kuliko ile ya filamu ya zamani, kwa hiyo lenzi hiyo inaona eneo jembamba, kama 80mm ingeona kwenye kamera kubwa. Kwa vipimo: ukiwa mita 2, fremu inaona eneo la sentimita 89 kwa 60. Huo ni uso, mabega na mikono ya mtoto mmoja. Meza ya watoto wanne haiingii. Ukirudi nyuma hadi mita 4 unapata mita 1.8 kwa 1.2, na sasa meza imeingia, kama mgongo wako haujafika kwenye kabati la vitabu. Kwa picha ya darasa zima rudisha 18-55 yako, uiweke kwenye 18. Hapo watoto wamekaa, umewaambia watulie, 1/125 inatosha. Usiiuze hiyo lenzi.

Wengine watakuambia basi ununue 24mm f/2.8, ile nyembamba, ili darasa liingie. Ni lenzi nzuri, nyepesi, na naipenda kwa safari. Kwa tatizo lako, hata hivyo, haina msaada mkubwa. Lenzi yako ya sasa ikiwa kwenye 24 inafungua hadi karibu f/4, na kutoka f/4 kwenda f/2.8 unapata mwanga mara mbili tu. Unatoa pesa upate mara mbili wakati ile nyingine inakupa mara kumi.

Kama shule inaweza kuongeza bajeti, kuna njia ya katikati ambayo ningeichukua bila kusita: Sigma 17-50 f/2.8, ya Canon, hata iliyotumika. Inabaki f/2.8 kuanzia 17 hadi 50, maana yake ukiivuta hadi mwisho inakupa mwanga mara nne ya lenzi uliyo nayo, na ukiirudisha, darasa lote linaingia. Huhitaji kubadilisha lenzi huku watoto thelathini wakikuzunguka na vidole vyenye uji. Ni nzito, zaidi ya nusu kilo, wakati 50 STM ina kama gramu 160. Tamron nao wana ya kwao ya 17-50 f/2.8. Kwa lenzi hizi za f/2.8 unapunguza shata kidogo, 1/250 badala ya 1/500, na unategemea zaidi ile misito niliyokuambia. Pesa ikiwa ni ile uliyopewa, bado nasema 50. Ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za Canon, na kwa kazi hii hakuna ya bei yake inayoikaribia.

Niwakumbuke kidogo wasomaji wenye Nikon za darasa la D3500 au D5600. Bodi hizo hazina mota ya fokasi ndani. Ukinunua 50mm f/1.8D kwa sababu ni rahisi, utazungusha fokasi kwa mkono huku mtoto akizunguka nyumba. Tafuta yenye herufi AF-S, na kwa darasani 35mm f/1.8G inafaa kuliko 50.

Flashi ya kamera uiache ilale. Inawapausha watoto nyuso, inawakatiza shughuli, na baada ya ya kwanza wote wanageuka kukutazama na kufanya ishara za vidole. Flashi ya ziada inayochomekwa juu ya kamera na kuelekezwa darini ni habari nyingine, ila inahitaji dari jeupe la kurudisha mwanga. Darasa lisilo na dari, lenye mabati na mbao tu juu, mwanga unapotelea huko. Fungua madirisha yote, zima tamaa ya kupiga kona za giza, na usogeze meza ya kuchora karibu na dirisha siku ya picha. Kusogeza meza mita mbili kunaweza kukupa mwanga zaidi ya lenzi yoyote niliyoitaja hapa.

Piga goti. Beba leso ukunje chini ya magoti kama sakafu ni ya saruji. Picha ya mtoto iliyopigwa kutoka urefu wa mtu mzima inaonyesha nywele na kivuli. Ukishuka hadi usawa wa macho yake, hata kosa dogo la fokasi linasameheka.

Na kwa kuwa ni picha za shule: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso ni mojawapo. Fomu ya ukurasa mmoja mwanzoni mwa muhula, ikitaja picha zitakwenda wapi, itakuondolea maneno baadaye. Mzazi atakayekataa, mtoto wake usimpige, au umpige kwa nyuma akiwa anachora.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda na kamera yako na tochi ya simu. Ondoa vifuniko vyote viwili, mulika kioo kutoka nyuma, tazama kutoka mbele kwa kuinamisha. Vumbi kidogo ndani halina shida, na mkwaruzo mdogo wa mbele karibu hauonekani kwenye picha. Usichokubali ni nyuzinyuzi nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni. Hiyo ni kuvu, na huku kwetu kando ya ziwa, kwenye unyevu, inashika haraka lenzi iliyofungiwa kabatini. Yako ukishainunua, iweke kwenye mkebe wa plastiki unaofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vikishalowa, badilisha.

Ifunge kwenye kamera yako, shika fokasi kwenye kitu kilicho karibu, kama sentimita 40, kisha mlango wa duka, kisha karibu tena, mara kadhaa. Isikwame na isihangaike huku na huku. Ukizungusha pete ya fokasi kamera ikiwa imezimwa utaona hakuna kinachosogea. Usiikatae kwa hilo, STM ndivyo ilivyo, pete yake inahitaji umeme. Ukikuta inayoitwa f/1.8 II bila maandishi ya STM, hiyo ni ya zamani: shingo yake ya kufungia ni ya plastiki, inanguruma ikitafuta fokasi, na haikaribii chini ya sentimita 45 wakati STM inafika 35. Inapiga picha nzuri. Lakini kwa watoto wasiotulia, kama tofauti ya bei ni ndogo, mwambie muuzaji akutafutie STM.